Nyuma ya Gurudumu la Nabintu

Jumapili, 17 Agosti
Nimeosha baiskeli uani kabla maji hayajakatika. Cheni imepata mafuta. Tairi bado zina nyasi za shamba la watu. Vidole vimekufa ganzi, kalamu naishika kama mwiko.

Leo mbio za mwisho za majira ya baridi ya huku kusini. Alhamdulillahi. Tulipofika nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, jua lilipotoka likawa vumbi tupu. Nimekuwa wa kumi na nne. Sijali. Mwaka jana nilikuwa wa mwisho nikalia ndani ya gari la watu.

Nabintu wa tatu. Wa tatu! Mwanamke aliyejifunza baiskeli ukubwani, anayesimama kutwa akisuka vichwa vya wenzake. Alinipita kwenye kona ya mchanga bila hata kunitazama. Ndivyo mbio za vumbi zilivyo, kila mtu na lake. Ukiona jiwe unalikwepa na kunyamaza, na aliye nyuma yako akiligonga, heri yako. Mikono miwili usukanini, mdomo umefungwa. Miezi mitatu tumeishi hivyo, Jumapili kwa Jumapili.

Baada ya mbio alinikumbatia akanipaka kamasi shingoni. Nampenda sana yule Mkongo.

Jumanne, 19 Agosti
Miguu mizito. Ngazi za jengo letu la kazi, Marshalltown mjini, nimepanda kama bibi harusi aliyelazimishwa. Nguo za maharusi za watu sita zinaningoja kwenye cherehani na mimi nawaza gia.

Jumamosi, 30 Agosti
Upepo wa Agosti unapiga mabati tangu asubuhi. Nimevua tairi pana za vumbi, nimevaa nyembamba za lami. Baiskeli imekonda ghafla, imependeza.

Kesho mazoezi ya machipuko yanaanza. Barabara ya kusini kuelekea Klip River, watu tisa, mstari mmoja. Nimeusubiri huo mstari tangu Mei. Unakaa nyuma ya gurudumu la mwenzako, kiganja kimoja tu katikati, na upepo unamla yeye badala yako. Baadaye yeye anarudi nyuma, na wewe unauchukua upepo. Aliye mbele ndiye macho ya wote, maana wa nyuma haoni barabara, anaona mgongo. Shimo likiwa kulia, mkono wa kulia unashuka na kulionyesha, na aliyefuata anafanya vilevile, mpaka wa mwisho.

Bila mstari mimi sina baiskeli, na hilo ndilo jambo lenyewe. Mwezi wa saba vijana wenye bastola walimshusha mwanamume mzima si mbali na hapa La Rochelle wakaondoka na baiskeli yake. Mchana kweupe. Mwanamke peke yake barabarani? Mume wangu Salim alishasema neno lake siku ya kwanza: ukiwa na kundi nitakupikia uji, ukiwa peke yako nitaiuza. Hatanii, na kusema kweli hakukosea.

Jumatatu, 1 Septemba
Naandika kwa shida. Mkono wa kushoto umefungwa kifuani.

Jana. Barabara ilikuwa tulivu, jua zuri, majani mapya kwenye miti ya watu. Nabintu alikuwa mbele, mimi nyuma yake, Kamau nyuma yangu. Kamau ndiye kiongozi wetu, Mkenya wa Nakuru, mlinzi wa duka la dhahabu. Tulikuwa tunateremka. Nilikuwa nautazama mgongo wa Nabintu, nikiwaza kwamba ile jezi ya njano ina mshono mbaya ubavuni na nitamrekebishia. Mgongo ukaenda kushoto ghafla. Kisha sikuona kitu isipokuwa shimo, na lilikuwa tayari chini ya gurudumu langu.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka sauti ya helmeti. Na Kamau akisema, "Usiinuke, Zuhura, usiinuke, pole pole dada."

Mfupa wa mtulinga, ule wa begani, umevunjika. Daktari anasema utaunga wenyewe, hakuna kupasua. Hakuna baiskeli mpaka Oktoba. Hakuna cherehani pia, hilo sikuuliza, nilijua.

Nabintu alipanda nami kwenye gari la wagonjwa. Alishika viatu vyangu njia nzima na hakusema neno. Hata pole. Nikadhani ni mshtuko.

Jumatano, 3 Septemba
Watu wamekuja kunipa pole. Akina mama wa Tanga wote wa huku kusini, nadhani, na wale wa Unguja waliokuja kuona kama wa Tanga wamekuja. Chumba kimejaa maandazi. Jirani Mzulu kaleta machungwa. Kamau alipitia akiwa bado na sare za kazini, akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa chai mbili.

Nabintu hajaja. Ujumbe mmoja wa simu: pole dada, Mungu akuponye. Basi. Mtu anayekaa Bertrams tu anashindwa kuvuka mji? Ningekuwa mimi ningekwenda kwa miguu.

Kila anayekuja anauliza nani alikuwa mbele. Nawajibu. Halafu wananyamaza kwa ile namna ya watu wanaotaka uendelee.

Jumamosi, 6 Septemba
Hajaja. Nimekasirika.

Jumapili, 7 Septemba
Amekuja.

Alitoka kanisani moja kwa moja, bado na kile kitambaa cheupe kichwani. Amebeba sufuria iliyofungwa kwa kanga. Sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wa kukaushwa. Kabla sijauliza akasema sufuria ni mpya, kainunua jana, kwake wanapika nguruwe na hakutaka niwe na wasiwasi. Nilitaka kumkumbatia hapohapo. Ningemkumbatia, angenyamaza, mambo yangeisha.

Hakunyamaza. Alisimama katikati ya chumba, hakukaa, akasema, "Dada Zuhura, mi njo nilikuangusha. Ile shimo niliiona."

Nikamwambia haiwezekani.

"Niliiona. Niliikwepa. Mikono ilikatala kutoka ku gido."

Yaani usukani. Yaani aliliona shimo, akalikwepa yeye, akaniachia mimi. Siku zote hizi nilikuwa nikimtetea kwa wale akina mama: hakuliona, jua lilimpiga machoni, ingeweza kumtokea yeyote. Kumbe aliliona.

Nilimwambia aondoke. Nilimwambia vibaya. Binti yangu Aisha alikuwa mlangoni akasikia, na mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza safari hii alielewa kila neno. Nabintu aliweka sufuria mezani taratibu, kama mtoto aliyelala, akaondoka.

Jumatatu, 8 Septemba
Salim na Aisha wamekula sombe yote. Nilionja kijiko kimoja. Tamu. Hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 11 Septemba
Kazini nimefaa kitu kimoja tu: kufumua. Mkono wa kulia, wembe, uzi. Wenzangu wananipa kila kilichoharibika. Nimefumua gauni zima la mchumba wa mtu na nimeona raha isiyo ya kawaida.

Nywele zangu ni msitu. Mkono wa kushoto haufiki kichwani. Jana Salim alijaribu kunichana. Mume wangu ana subira ya kuuza simu kwa mtu asiyetaka simu, lakini kwa kichwa cha mkewe alishindwa kabla hajafika sikioni. Nilipiga kelele mpaka Aisha akaja mbio na mshangao wake wa Kizulu. "Haibo, Baba, unamuua!" Nimefunga mtandio juu ya msitu na maisha yanaendelea.

Jumapili, 14 Septemba
Nabintu alikuja tena bila kuitwa. Hakuna sufuria safari hii. Kitana, mafuta, na kigoda chake cha saluni alichokibeba kwenye basi. Nadhani Aisha kamwambia habari za nywele. Watoto hawa na simu zao.

Hakuomba msamaha. Mimi sikumkaribisha. Aliweka kigoda, akapiga ubao wake kwa kiganja mara moja, na mimi, mwenyewe sijui kwa nini, nikaenda nikakaa.

Alianzia nchani, kama inavyopaswa, akishika shina la nywele kwa mkono mwingine ili ngozi isiumie. Alizunguka upande wa kushoto bila kugusa bega hata mara moja. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu Jumapili iliyopita. Nilipofungua mdomo likatoka moja tu: ulikuwa unawaza nini?

Akasema, "Hakuna. Sikuwaza kitu. Nilikwepa tu, kama kule mu vumbi."

Alimaliza kuchana, akaanza kusuka. Niliendelea kutazama ukuta. Niliwaza kona ya mchanga, siku ile aliponipita. Niliwaza mimi mwenyewe mwezi wa saba, gogo moja kwenye mteremko wa mbio za vumbi, nikaliruka na kumsikia mwanamke wa nyuma yangu akiligonga. Sikugeuka. Nilifurahi. Miezi mitatu tulijifundisha kunyamaza, tukalipwa kwa kunyamaza, yeye mpaka akapata nafasi ya tatu. Halafu asubuhi moja tunabadilisha tairi na kudhani tumebadilisha na vichwa.

Haya yote sikumwambia. Nimemwambia asante kwa nywele. Bado nina hasira, lakini sasa haina pa kukaa vizuri.

Jumatano, 24 Septemba
Sikukuu ya taifa la huku. Mtaa mzima moshi wa nyama. Daktari wa jana kasema mfupa umeunga, una kinundu, kinundu kitabaki. Nimekigusa siku nzima.

Ninaweza kuendesha kuanzia Oktoba. Nimefurahi kupita kiasi. Nimemtumia Nabintu ujumbe kabla ya kumwambia mume wangu.

Jumapili, 12 Oktoba
Siandiki vizuri leo. Mkono mzima, mimi siyo.

Mvua za kwanza zimeosha mji. Maua ya zambarau ya ile miti ya mitaani yametapakaa barabarani, yanateleza kama sabuni. Tulikutana kituo cha mafuta cha Rosettenville kama kawaida. Wote walinipigia makofi. Nabintu alisimama nyuma kabisa na alipiga makofi kwa sauti kuliko wote.

Nilianza vizuri. Baada ya roboti ya mwisho, yaani taa za barabarani, zimezimika kama ada na magari yanapita kwa kuamkiana, tukaingia barabara wazi na Kamau akaita mstari. Nilikaa nyuma yake. Kamau! Mwanamume anayeonyesha mpaka vifuniko vya chupa. Kiganja kimoja. Na mwili wangu ukakataa. Vidole vilikwenda kwenye breki vyenyewe. Nikaachia nafasi ya gurudumu moja, ya mawili, ya gari zima. Upepo ukanishika kifuani. Walio nyuma yangu wakaachwa pamoja nami, maana mimi ndiye niliyekata kamba.

Kamau alipunguza mwendo. Nilijaribu tena, ikawa vilevile. Mara tano, sita, sikumbuki.

Na Nabintu? Kila zamu yake ya kwenda mbele ilipofika aliipisha. Alikaa mkiani safari nzima, akijikinga upepo kwa migongo ya watu, na hakutaka kwenda mbele hata alipoitwa kwa jina.

Jumatano, 15 Oktoba
Naogopa. Liandikwe basi. Si kuanguka ninakoogopa, nimeshaanguka na najua kunafananaje. Naogopa ule muda kabla, ninapotazama mgongo na sijui mgongo unaona nini.

Nikishona shati naona sindano. Nikivuka barabara natazama mwenyewe. Kwenye mstari tu ndipo ninapotakiwa nisione. Nilikuwa naipenda hiyo sehemu kuliko zote.

Jumapili, 19 Oktoba
Mbaya zaidi.

Nilikata mstari kwenye mlima, watu watatu waliokuwa nyuma yangu wakabaki, roboti ikawapa nyekundu, tukawapoteza. Tuliwakuta wamesimama kando, mmoja wao msichana mdogo wa Kirundi, na gari jeupe limeegeshwa karibu yao injini ikinguruma. Labda halikuwa na nia yoyote. Kamau aliliendea moja kwa moja likaondoka.

Nabintu alilazimishwa kwenda mbele leo. Alionyesha kila kitu. Shimo, kijiti, alama ya rangi ya barabara, ua lililodondoka. Mkono ulikuwa unapepea kama anafukuza nyuki. Watu walicheka mwanzoni. Mwisho walikuwa hawajui lipi ni shimo na lipi ni kivuli, wakaacha kumsikiliza, na hiyo ni hatari kuliko kutoonyesha. Alirudi nyuma amekunja uso. Nilimwona akifuta macho kwa glovu.

Tukiwa tunakunywa soda kituoni, Kamau alikaa katikati yetu wawili. Si mtu wa kupaza sauti. "Sitaki kumfukuza mtu. Lakini Zuhura, ukiacha gepu unawaacha wengine kwa barabara, umeona leo. Na wewe Nabintu, mstari hauna mtu wa kukaa nyuma milele. Jumapili ijayo tunajaribu. Isipokubali, mpumzike hadi mwaka ujao, sawa?"

Ana haki. Ningesema vilevile. Nimelia kwenye bafu ili Aisha asione. Mwaka ujao maana yake hakuna. Nitakuwa nimenenepa, Salim atakuwa amezoea Jumapili za pamoja, baiskeli itakuwa ya kuanikia nguo. Najijua.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nabintu kapiga simu. Anamjua mlinzi wa maegesho ya magari karibu na kwake, yale ya uwanja wa mpira, Mkongo mwenzake wa kanisa moja. Jumamosi hakuna mechi. Uwanja mtupu, una ukuta na geti, tukajizoeze wawili. Nikasema sijui. Akasema atanisubiri.

Ijumaa, 24 Oktoba
Salim kauliza kama naenda kesho. Nimesema sijui. Akasema, "Mama Aisha, tangu lini wewe hujui?" Kisha akaenda kujaza upepo kwenye tairi zangu, yeye ambaye hajawahi kuzigusa. Kazijaza kupita kiasi. Nitazipunguza asubuhi bila kumwambia.

Jumamosi, 25 Oktoba
Bertrams. Lami kubwa kama shamba, mistari ya magari isiyo na magari. Mlinzi alitufungulia geti akarudi kwenye redio yake na kwaya.

Nabintu alikuwa ametandaza vifuniko vya ndoo kila mahali. Hayo ndiyo mashimo. Yeye mbele, mimi nyuma, tunazunguka. Nilishika breki kila alipoonyesha, na kila alipokuwa haonyeshi pia. Mzunguko wa kwanza, wa pili, nikaacha kuhesabu. Jua lilipanda. Alinipigia kelele: "Tazama mugongo! Usitazame chini!" Nikampigia kelele pia kwamba ningetazamaje mgongo wa mtu aliyeliona shimo akanyamaza. Nilisema mbele ya mlinzi na kwaya yake. Nilikuwa nimelibeba tangu Septemba.

Tukasimama. Nilidhani ataondoka, maana safari hii ilikuwa zamu yake kukasirika.

Hakuondoka. Aliegemea usukani akihema, akasema taratibu, "Niliiona, ni kweli. Na kuko siku nitakosa ingine. Hata nikichunga vipi. Mi ni mutu, dada. Kama unataka mutu hatakosa, kaa nyumbani."

Nilikuwa na jibu kali sana. Limepotea, hata sasa silikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilichoka ghafla, kama mtu aliyeshika mlango uliokuwa hausukumwi na mtu.

Nilimwambia azunguke tena, na asionyeshe vijiti, aonyeshe vile vya kuniangusha tu. Akauliza, nikikosea? Nikasema zunguka.

Mzunguko ule nilishika breki mara mbili. Uliofuata mara moja. Baada ya hapo tukasikia njaa. Tulikula chapati kwenye ngazi za kwake, nikaiona ile jezi ya njano kwenye kamba nikaichukua. Mshono wa ubavuni nitaufanya leo kabla ya Isha.

Jumapili, 26 Oktoba
Nimeoga, nimekunywa chai. Mvua inanyesha taratibu juu ya bati. Nyumba imetulia.

Kwenda ilikuwa rahisi, upepo nyuma yetu, kila mtu shujaa. Kurudi upepo ukatugeukia, na wingu jeusi likasimama juu ya mji. Kamau akaita mstari akapanga mwenyewe: Nabintu mbele, Zuhura nyuma yake. Niliona mabega ya Nabintu yakipanda na kushuka mara moja, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuingia maji baridi. Akaenda.

Nikakaa. Mgongo wa njano, mshono mpya. Mkono wake ulishuka kulia, nikaenda kushoto. Ulishuka kushoto, nikaenda kulia. Si mara nyingi. Alikuwa akichagua. Vijiti aliviacha vivunjike chini yetu. Nilisikia wa nyuma yangu wakipumua kwa mpigo mmoja na sikuwaza chochote. Nilikuwa nimesahau ilivyo tamu.

Alitakiwa apokezane na mwingine mlimani. Hakurudi nyuma. Alikaa kwenye upepo mpaka juu, na Kamau alimwacha.

Baada ya reli shimo moja lilimponyoka. Labda hakuliona, labda aliliona akachelewa. Sikumwuliza na sitamwuliza. Gurudumu langu liliingia na kutoka, meno yakagongana, kinundu cha bega kikawaka moto. Baiskeli ilitikisika ikanyooka. Nabintu alisikia kishindo akageuza kichwa, na uso wake sitaki kuuona tena ukiwa vile. Nikamwambia tazama mbele.

Akatazama mbele.

Tulikwenda umbali mzuri hivyo, na matone ya kwanza yakaanza. Ndipo nilipotazama chini. Vidole vyangu vilikuwa juu ya usukani, mbali na breki. Kati ya gurudumu langu na lake palikuwa na kiganja kimoja.